Nauchora mlima siku ambazo hauwaki

Ukimuuliza mtu wa Goma, huku mashariki mwa Kongo, ni mwezi gani Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, unaonekana vizuri, wengi watakujibu Juni au Julai, kwa kuwa ni kiangazi na mvua imekatika. Kwa mtu anayetaka kuuona tu, sawa. Kwa anayetaka kuuchora, mwezi ni Desemba. Mji wetu uko kusini ya mlima, umbali usiofika kilomita 20. Juni jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo uso tunaoutazama sisi wa mjini hupata mwanga wa kukwaruza tu, na asubuhi karibu wote uko kivulini. Ongeza vumbi la kiangazi na moshi wa mashamba yanayochomwa, unabaki na umbo moja la kijivu lisilo na tumbo wala mgongo. Desemba jua limehamia kusini. Linasimama nyuma ya bega lako wewe unayechora na kuumulika mlima usoni. Mvua ya usiku ikiwa imeosha hewa, saa kumi na mbili na nusu za asubuhi utaona kila mfereji uliochongwa na maji, utaona mahali msitu unapoishia na mawe matupu yanapoanza, na Shaheru, ile kreta (mdomo wa volkano) iliyozimika zamani upande wetu, itajitenga na mlima mkubwa na kuwa na kivuli chake yenyewe. Hapo una saa moja, pengine nusu saa, kabla mawingu hayajapanda kutoka msituni na kufunga kazi.

Naandika haya kwa sababu vijana kadhaa wa hapa mjini wameniuliza ninavyofanya kazi nje, na majibu ya vipande vipande kwenye WhatsApp hayatoshi. Mimi ni mchoraji wa mandhari. Nakaa mtaa wa Himbi, ni mama wa familia, na ufundi niliupata kwa mjomba wangu aliyekuwa akiandika vibao vya maduka na milango ya malori. Kwake nilijifunza mambo yanayonilisha hadi leo: kuosha brashi kabla ya kula, kuvuta mstari kwa mkono mzima kuanzia begani, na kutoficha kazi mbovu kwa vanishi. Mandhari yeye hakuyachora. Hayo niliyatafuta mwenyewe kwa kutoka nje.

Katika vibanda vya michoro vya hapa Goma mlima una sura moja. Ni usiku, moto unamwagika, watu wanakimbia na magodoro kichwani. Au gorila yuko mbele, mlima uko nyuma, na mdomo wa mlima ni mwekundu. Naelewa sababu. Mimi pia nilikimbia Januari 2002, nikiwa msichana, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, katika umati ambao sijauona tena, na moto nauheshimu. Lakini hesabu miaka. Mlima ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, ukapasuka tena tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Miaka 25, kisha miaka 19. Katikati ya tarehe hizo kuna maelfu ya asubuhi ambazo mlima ulikaa pale juu, mita 3,470, ukitoa moshi wake, na sisi huku chini tukichota maji ziwani, tukipeleka watoto shule, tukijenga kuta kwa mawe yale yale yaliyotufukuza. Asubuhi hizo hazichorwi. Mimi nimeamua kuzichora, na siwezi kuzichora nikiwa chumbani, kwa sababu chumbani kumbukumbu inanipa moto peke yake. Lazima nitoke nikaone mlima unafanya nini leo.

Twende kwenye rangi nyeusi, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Goma ni mji mweusi. Barabara za mitaani, kuta, nyua, ufukwe wa ziwa, vyote ni lava, yaani mawe yaliyotoka mlimani yakiwa uji wa moto. Anayechora akitazama picha ya simu atafungua tyubu ya nyeusi na kuimaliza upesi, kwa sababu simu haiwezi kushika mbingu inayong'aa na jiwe la kivulini kwa pamoja. Inachagua mbingu, na mawe yote yanageuka shimo. Kaa mbele ya jiwe lenyewe bila kushika brashi. Subiri. Baada ya muda ule weusi unaanza kufunguka. Pande zinazotazama juu zina bluu, kwa kuwa zinapokea rangi ya mbingu. Pande zinazotazama chini zina kahawia ya joto, kwa kuwa zinapokea mwanga uliogonga vumbi na kurudi. Ndani ya matundu madogo, pale gesi ilipotokea lava ikiwa bado laini, kuna wekundu wa kutu; ni chuma kilichomo kwenye jiwe, kilichokutana na hewa wakati jiwe bado lina moto. Mvua ikinyesha kila kitu kinageuka. Sehemu bapa zinakuwa nyeupe kabisa kwa kurudisha wingu, na giza linabaki kwenye nyufa peke yake.

Kwa hiyo kwenye ubao wangu wa kuchanganyia hakuna nyeusi. Nachanganya bluu ya ultramarini na kahawia nyekundu, ile ya udongo uliochomwa ambayo kwenye tyubu huandikwa burnt sienna. Bluu ikizidi kidogo napata upande wa juu wa jiwe. Kahawia ikizidi napata upande wa chini. Zikilingana napata giza zito ambalo bado linapumua, na giza hilo naliweka mahali pachache sana, kwa sababu mahali penye giza kweli kwenye uwanja wa lava ni pachache kuliko tunavyodhani.

Tena lava ina umri, na umri unabadilisha rangi. Ukitoka mjini kwa barabara ya Rutshuru kuelekea Kibati, unakutana na lava ya 2021 iliyoikata barabara ile. Hiyo bado ina ngozi inayong'aa, na asubuhi na mapema ina urujuani. Ya 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ikaingia ziwani. Sehemu kubwa tumeshajenga juu yake, lakini pale ilipoachwa wazi imeota vimea vidogo vya kijivu, vigumu, vinavyoshika jiwe bila udongo. Si mimea hasa, ni likeni, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja; wataalamu huviita Stereocaulon. Ndivyo hutangulia kwenye lava mpya za Virunga, safu ya volkano zetu, kisha huja kangaga, kisha vichaka. Ndiyo maana lava ya 2002 ukiiona kwa mbali ni kijivu cha fedha, na ikilowana inaelekea kijani. Ya 1977 imefunikwa na majani, weusi wake utauona kwenye mipasuko tu. Mtu aliyezoea kutazama anaweza kusimama mahali palipoinuka kidogo na kusoma tarehe hizo tatu kwa rangi peke yake, bila kuuliza mtu. Nilipogundua hilo nilikaa chini, nikashindwa kuchora siku ile kwa furaha.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu jiwe hili ni mama mmoja anayepasua kokoto upande wa Ndosho. Hajawahi kushika brashi. Nilikuwa nachora rundo lake la kokoto, akaja kusimama nyuma yangu na nyundo mkononi, akaangalia muda mrefu.

"Mama, kazi yako iko muzuri. Lakini jiwe la mupya haliko vile."

"Liko namna gani, mama?"

Akachukua jiwe moja, akalipasua mbele yangu kwa pigo moja. "Angaliya mu ndani. Iko bluu. Ule weusi ni wa juu tu, ni jua na mvua."

Ni kweli. Uso uliopasuliwa asubuhi ile ulikuwa wa kijivu chenye bluu, baridi, na rundo la kokoto za siku hiyo lilikuwa na rangi tofauti kabisa na rundo la wiki iliyotangulia lililokuwa pembeni yake. Yeye alijua kwa sababu anauza kwa rundo, na wanunuzi wa ujenzi huulizia kokoto mpya. Tangu hapo nikichora akina mama wa kokoto, kila rundo nalipa rangi ya umri wake.

Mawe haya pia nayasaga. Ukitwanga lava nyeusi kwenye kinu, unga wake ni wa kijivu, na hauna nguvu kama rangi. Lakini yale mawe mepesi mekundu, yenye matundu mengi, yanayochimbwa kwenye vilima vidogo vya volkano pembezoni mwa mji, yakisagwa hutoa unga wa kahawia nyekundu mzuri mno. Nauchuja kwa kipande cha soksi ya nailoni, nauchanganya na gundi nyeupe ya maseremala na maji kidogo, na huo ndio mpako wangu wa kwanza kabla ya kuchora chochote. Unakauka ukiwa na mchanga mchanga, na rangi za juu zinaushika vizuri. Napenda pia kwamba chini ya kila mchoro wangu wa Goma kuna Goma yenyewe. Sitaficha kwamba hilo lina maana kwangu kuliko sababu ya kiufundi.

Vifaa vingine ni vichache. Nachora juu ya tripleksi, ule ubao mwembamba wa maseremala, nimeikata vipande vinavyoingia kwenye begi la mgongoni, nimeipiga msasa na kuipaka rangi nyeupe ya ukutani kabla ya ule mpako mwekundu. Vipande ni vidogo kwa sababu mwanga wetu ni mfupi. Hapa karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, kama nyuzi 15 kila saa, na ile saa ya dhahabu wanayoisifu wachoraji wa nchi za kaskazini sisi hatunayo ndefu. Ukichagua ubao mkubwa utaanza na vivuli vya asubuhi na kumaliza na vya adhuhuri, na mlima utakuwa na majua mawili. Mimi naweka vivuli kwanza, vyote, kwa kahawia nyepesi, ndani ya dakika chache za mwanzo. Baada ya hapo kivuli kikisogea chini, mimi sisogei. Nilichoweka nimeweka.

Rangi zangu ni akriliki zaidi, na mafuta mara moja moja. Ya mafuta ni tamu kwa mawingu, lakini hukauka kwa kushikana na hewa, taratibu, siku kadhaa. Kumpakia mama na ubao mbichi nyuma ya pikipiki kwenye barabara zetu za mawe ni kumharibia motari, yule dereva, shati lake. Akriliki hukauka maji yakitoka tu. Kiangazi hukauka hata kabla hujaitumia, kwa hiyo chini ya rangi natandika kitambaa chenye maji. Tyubu zinatoka Kampala au Kigali, zinaingia kwa mpaka pamoja na nyanya na maziwa ya wafanyabiashara wa petite barrière, kivuko kidogo cha mpaka na Rwanda, na bei yake hubadilika kadiri mpaka unavyobadilika. Tyubu hiyo ya chuma laini ambayo unaikamua na kuifunga kwa kifuniko ilitengenezwa na mchoraji Mmarekani, John Goffe Rand, mwaka 1841. Kabla yake wachoraji wa Ulaya walifunga rangi za mafuta kwenye vibofu vya nguruwe, vikapasuka njiani. Bila tyubu kazi ya nje ingekuwa ya wachache sana, na namshukuru mtu huyo kila ninapokaza kifuniko nikiwa juu ya pikipiki.

Neno moja kuhusu mwavuli: uwe mweusi au wa kijivu. Miavuli ya matangazo tunayogawiwa, ya njano na nyekundu, inamwaga rangi yake juu ya ubao wako, na utachora mlima wenye homa ya manjano bila kujua ilikotoka.

Sasa usalama, na hapa naomba msome polepole. Magharibi mwa mji, Bulengo, Mugunga, karibu na ziwa dogo la Lac Vert na sehemu nyingine za kando ya Ziwa Kivu, kuna mabonde na mashimo ambamo gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini. Tunaiita mazuku na kila mkaaji wa huko anaijua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini na kujaza mabonde. Haionekani na haina harufu. Huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Imeua mbuzi, imeua mbwa, imeua watu. Sasa fikiri mchoraji anatafuta nini: mahali pa chini palipojificha na upepo, alfajiri, pa kukaa kwenye kigoda kifupi bila kusogea kwa muda mrefu. Anatafuta mahali pale pale ambapo mazuku hukaa.

Kwa hiyo upande ule siendi peke yangu, na sishuki bondeni kabla wenyeji hawajaniambia wanapita wapi wao. Nachora nikiwa nimesimama, mahali palipoinuka. Natazama majani: yakiwa yamekauka kwenye shimo moja wakati pande zote ni mbichi, sikaribii. Nikiona ndege au mjusi amekufa bila jeraha, naondoka, na brashi iliyoanguka sirudi kuichukua. Mtoto mdogo simpeleki, kwa sababu kimo chake kinamweka ndani ya hewa ambayo mimi niko juu yake. Lac Vert ni pazuri mno, kijani chake ni tofauti na maji ya Kivu yaliyo jirani, na nawatamania wachoraji wote wakaone. Waende jua likiwa limepanda na upepo umeamka.

Mawingu nayachora kwa vidole. Si mimi niliyeanza. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ikaitwa Le Hangar, na mmoja wa waliokuwa pale, Bela, alichora kwa ncha za vidole vyake, alama kwa alama, hadi ubao ukajaa. Wenzake, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, walikuwa na mikono tofauti kabisa na yake. Romain-Desfossés hakutaka wanakili michoro ya Ulaya, alitaka watazame samaki, ndege, nyoka na majani yaliyowazunguka. Wale hawakuwa wachoraji wa mandhari kwa maana ninayoitumia hapa, lakini nikitazama kazi zao naona watu waliokaa karibu na kitu hadi kikajulikana. Kidole kina faida moja juu ya brashi: kinahisi rangi ikianza kukauka. Wingu la Nyiragongo halina ukingo mkali, na ule ukingo laini unatengenezwa ndani ya sekunde chache kati ya rangi mbichi na rangi kavu. Brashi haikuambii sekunde hizo zimefika.

Moshi wa mlima usiuchanganye na mawingu. Unapotoka kreta ni mweupe, umejaa mvuke. Ukishatawanyika una bluu hafifu ukiwa mbele ya msitu wenye giza, na una kahawia ya njano ukiwa mbele ya anga nyeupe. Kwa kawaida upepo huupeleka magharibi, na mvua inayopita ndani yake inashuka na asidi, ndiyo maana mabati ya vijiji vya upande ule huliwa na kutu haraka. Nikichora paa za huko natia rangi ya chungwa iliyokolea ambayo mjini sihitaji. Kwenye ubao mmoja moshi na paa vinakuwa vimeungana: kile kilichoko juu kushoto ndicho kilichopaka rangi kilichoko chini.

Nyuma ya kila ubao naandika. Mwingereza John Constable, miaka ya 1821 na 1822, alikuwa akichora mbingu tupu huko Hampstead, nje ya London, na nyuma aliandika tarehe, saa na upepo ulivyovuma. Niliposoma hilo nikaanza siku hiyo hiyo. Naandika kwa makaa ya jikoni, kisha napitisha gundi juu isifutike: "Katindo, juu ya paa. Saa moja na robo asubuhi. Mvua usiku. Upepo wa mashariki. Moshi mweupe, unaelekea Sake." Mchoro ukitoka vibaya, maandishi bado yana faida. Nikizipanga mbao zangu kwa tarehe naona jinsi mlima unavyoishi mwaka mzima, na nikitaka kuchora ubao mkubwa nyumbani nina kumbukumbu ambayo haikupotoshwa na hofu wala na hamu.

Kuchora nje katika mji huu ni kuchora mbele ya watu. Mwenye haya atateseka mwanzoni. Lakini kuna jambo zito kuliko haya: mtu aliyekaa mbele ya kiwanja, anakunja jicho, ananyoosha penseli kupima, anaandika kwenye ubao, hapa kwetu ana maana nyingine. Migogoro ya viwanja imetesa familia nyingi. Mzee mmoja alitoka ndani ya ua wake upande wa Keshero, akanisimamia.

"Mama, weye uko unapima parseli yangu?" Yaani kiwanja chake.

"Hapana, muzee. Niko nachora mulima."

"Mulima hauko na mwenyewe. Parseli iko na mwenyewe."

Alikuwa na haki. Nikamwonyesha ubao, akaona ua wake uko chini kabisa, mstari mmoja wa mawe, na mlima umechukua nafasi yote iliyobaki. Akaniletea kiti. Tangu hapo nikifika mtaa nisioujua, kitu cha kwanza ni kumsalimia shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, na kumwonyesha michoro ya nyuma, kisha kusalimia nyumba zilizo karibu na nitakaposimama. Mahali penye askari sichori, na daraja, kambi na antena siziweki hata kama ziko mbele ya macho. Barabara ya Sake kuna miezi haiendeki kabisa, na mbao nilizochora huko miaka ya utulivu naziangalia kwa namna nyingine sasa.

Watoto ni baraka, mradi uwape kazi. Mmoja anashika kitambaa cha maji, mwingine anatazama wingu na kutangaza linapofika Shaheru. "Mama, uniweke na miye!" wanasema, na nawaweka, doa moja la shati jekundu kwenye barabara, na doa hilo mara nyingi ndilo linalouambia mtazamaji mlima ni mkubwa kiasi gani.

Kuuza ni kugumu, siwadanganyi. Wanaonunua kwa dola ni watu wanaopita, na wengi wao wanataka ule mlima wa usiku. Mteja mmoja, aliyekuwa anamaliza mkataba wake hapa, alipenda ubao wa asubuhi wa Katindo: paa za mabati zimelowa, mama anaanika nguo, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, imepakiwa mabido (madumu) ya maji, na mlima juu una moshi mwembamba. Akaniomba nitie wekundu kidogo kwenye mdomo wa kreta, basi ataulipia. Nilimweleza kwamba saa moja asubuhi, jua likiwa usoni, wekundu ule hauonekani hata kama ziwa la lava liko juu. Huonekana usiku, ukipaka mawingu kwa chini. Akasema nani atajua. Nilirudisha ubao kwenye begi. Unaning'inia sasa kwa muuza dawa wa mtaani kwetu, aliyeulipa kidogo kidogo kwa faranga, na watu wanaongojea dawa hubishana lile paa la kona ni la nani. Wawili wamekuja kuniuliza mlangoni. Mmoja alitaka kujua kama niliiona nguo ya marehemu mama yake kwenye ile kamba, maana alikuwa na kitenge cha kijani kama kile. Nilimwambia nilichora nilichokiona na kitenge kilikuwepo. Akakaa, tukanywa chai.

Desemba hii nataka kurudi kwenye lava ya 2021, upande wa Buhene, kutafuta ule ukijivu wa kwanza. Mwaka jana niliona madoa yake kwenye nyufa zinazotunza unyevu, madogo kuliko kucha, na nataka kuyachora kabla hayajasambaa, mlima ukiwa nyuma na jua la kusini juu yake. Wanaotaka kuja wanipigie siku moja kabla, nitawaambia kama barabara inapitika. Mje na viatu vyenye soli nene, kwa kuwa lava mpya inakata, na maji ya kunywa, kwa kuwa kule hakuna kivuli wala bomba. Tunatoka mjini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mbao zilizopakwa ninazo za kutosha.